Yawa Sokpoli na Watu wa Mgongoni

Yawa Akpene Sokpoli, binti wa Kodzo Sokpoli aliyeunda mashua thelathini na moja na hakuna hata moja iliyopinduka yeye akiwa hai. Mjukuu wa Dzatugbui, mwanamke aliyekataa kuhama serikali ilipoziba mto na ziwa likaja, akakaa kitandani kwake akisuka mkeka mpaka maji yakalowesha ncha za mkeka, ndipo akasema, "Haya, sasa nimeamini," akainuka. Kitukuu cha Agbeko, aliyevusha watu mto Volta kwa mtumbwi wakati wa vita vya Wajerumani bila kumuuliza mtu yuko upande gani. Huyo ndiye Yawa. Na yeye mwenyewe ana yake: alipanga abiria katika diko la Gbedekope miaka zaidi ya arobaini, alimpeleka gerezani tajiri wa diko hilo, na mdogo wake wa tumbo moja, Kwami, naye alimpeleka, kwa maneno yaleyale, siku ileile.

Ukoo kama huo haukuzaa mtu wa kunyamaza, ingawa kuna siku moja alinyamaza, na siku hiyo ndiyo inayofanya habari zake zisimuliwe.

Kazi ya kupanga abiria haikuwa na mshahara mkubwa, lakini ilikuwa na heshima. Boti za ziwa ni ndefu na nyembamba. Mtu mnene akikaa pembeni, mbuzi wakijazana nyuma, boti inainama kama mlevi. Kwa hiyo kila siku ya kuamkia soko Yawa alisimama ndani ya maji hadi magotini, akimwonyesha kila mmoja ubao wake.

"Davi Yawa, mimi nikae wapi?"

"Wewe kaa katikati, ulivyonenepa tangu mumeo apate kazi."

"Na mume wangu?"

"Mume wako aning'inie popote, hana uzito."

Watu wakacheka, wakakaa walipoambiwa. Watu wote walimwita Davi, dada mkubwa, hata waliomzidi umri, kwa sababu ndani ya boti mkubwa alikuwa yeye.

Baba yake alimwachia kijiti cha mvule, urefu wa shibiri moja. Yawa alikuwa akikisimamisha ubavuni mwa boti, toka ukingo kushuka chini. Maji yakigusa ncha ya kijiti, mtu anashuka. "Hata akiwa chifu," mzee Sokpoli alisema, "maana maji hayajui kuvua kofia."

Katika diko la Gbedekope mizigo ilihesabiwa, mbuzi walihesabiwa, viazi vikuu vilihesabiwa. Watu hawakuhesabiwa. Kwetu ukimhesabu mtu ni kama unamnyooshea kifo kidole. Mama mwenye watoto sita ukimuuliza anao wangapi, atakuambia, "Wapo." Yawa hakuwahi kuhesabu boti hata siku moja. Alijua nani amekaa wapi, na kijiti kikamwambia yaliyobaki.

Sasa, kulikuwa na Efo Agbenya, yaani kaka Agbenya, mwenye boti kubwa kuliko zote. Ubavuni ilikuwa imeandikwa Mawu Li, yaani Mungu Yupo. Mshika usukani wake alikuwa Kwami, mdogo wake Yawa, kijana mpole aliyeogopa maneno makali kuliko alivyoogopa mawimbi. Mwezi wa Desemba, wiki moja kabla ya Krismasi, siku ya kuamkia soko la Dzemeni, boti ilikuwa imejaa. Yawa alikwishaweka kijiti mara mbili, na mara ya pili ncha ikalowa. Ndipo wakateremka watu wa mazishi kumi na wawili, na nguo zao nyekundu na nyeusi, na ngoma zao, wakitaka kuvuka.

"Wapakie," alisema Agbenya.

"Efo, kijiti kimelowa."

"Kikaushe."

"Wakipanda hawa, vitabaki vidole vinne tu kufika ukingoni."

"Mungu ndiye kidole cha tano. Hujasoma kilichoandikwa hapo ubavuni?" Wachukuzi wakacheka. Agbenya akashusha sauti. "Davi, kama kazi imekuchosha sema. Wako wanaoitaka. Na usukani nao una wanaoutaka."

Yawa akamtazama Kwami. Kwami akatazama vidole vyake vya miguu. Basi Yawa akawapanga wale watu wa mazishi, mmoja mmoja, mahali ambapo hapakuwa na mahali. Boti ikaondoka. Yeye akabaki amesimama majini, kijiti mkononi, mpaka sauti ya injini ikapotea.

Chini ya ziwa letu kuna misitu na vijiji. Miti iliyozama ilikufa imesimama, na vichwa vyake vingine vimejificha chini ya maji kidogo tu. Saa moja na nusu kutoka Gbedekope, Mawu Li iligusa kisiki. Wazee wa boti walipokuja kuitazama walisema boti yenye shibiri moja ingetikisika, watu wangepiga kelele, ikapita. Hii ilikuwa na vidole vinne. Ilipoinama, maji yaliingia kwa upande mmoja wote kwa pamoja.

Walionusurika walikuwa ishirini na wanne. Kwami alikutwa juu ya tagaa la mti mkavu, katikati ya maji, ana mtoto mchanga kifuani amemfunga kwa shati lake.

Polisi walimchukua Kwami palepale. Agbenya alikwenda kwa miguu yake mwenyewe kituoni, amevaa nguo ya msiba, akaeleza kwa upole: boti iliondoka Gbedekope na watu arobaini, kama ilivyoruhusiwa. Wengine wote, yule kijana aliwaokota vijijini njiani, kwa tamaa yake. Na nani angembishia? Hapakuwa na orodha. Hakuna aliyehesabu. Walionusurika walikuwa wamejibana kati ya magunia, wengi ni wageni, na Agbenya alikwishawatembelea na mchele. Mmoja akasema boti ilisimama njiani mara mbili, mwingine akasema hakumbuki.

Lakini serikali ilikuwa na sheria, na sheria hiyo haikumtazama mshika usukani peke yake. Mtu akisababisha vifo chomboni kwa uzembe, awe ameshika usukani au ameshika amri, anajibu shtaka la kuua bila kukusudia. Wakili wa serikali aliwashtaki wote wawili. Kwa Kwami alikuwa na ushahidi. Kwa Agbenya alihitaji mtu aliyemsikia akiamuru, na anayeweza kuthibitisha kwamba watu wote walipanda Gbedekope. Mtu huyo alikuwa mmoja, na alikuwa ndiye aliyewakalisha.

Agbenya aliligundua hilo mapema. Adhuhuri moja alimkuta Yawa akibanika samaki.

"Davi, nimekuja kama ndugu. Ukisimama ukasema uliwapanga, umejifunga kwa kamba yako mwenyewe. Mimi nitatoka. Wewe na Kwami mtabaki ndani. Nyamaza tu, nami nitamtafutia kijana wakili mzuri, atapata mwaka mmoja."

"Na waliokufa?"

"Waliokufa wamekufa."

Yawa aliendelea kugeuza samaki. "Umesimama kwenye moshi wangu, Efo," alisema. "Samaki wanataka nafasi."

Alisema hivyo kwa kujivuna, lakini Agbenya alipoondoka aliunguza safu nzima ya samaki. Maana alichosema yule bwana kilikuwa kweli. Usiku na mchana alikuwa akiwaona wale kumi na wawili wakishikilia mkono wake kupanda. Mkono wake, si wa Agbenya.

Akafunga safari hadi mjini Ho kumwona Kwami rumande. Alimpelekea akple, ugali wa kwetu, na mchuzi wa bamia. Kwami alikuwa amekonda kama bua la mahindi.

"Davi, nenda ukaseme."

"Nikisema, nitasema na la kwako. Ulikuwa na ufunguo wa injini. Ungeutupa majini, boti isingeondoka."

"Najua."

"Ukweli utakufunga, Kwami."

"Mimi nimekwishafungwa. Nataka nifungwe kwa nililofanya, si kwa alilolitunga yule." Akala matonge mawili. "Na wewe wakikufunga je?"

"Basi tutakuwa majirani. Nitakupikia."

Kwami akacheka, mara ya kwanza tangu ajali, halafu akalia, na Yawa akamsubiri amalize, kisha akaondoka na bakuli lake.

Siku ya kesi Yawa alivaa kitenge chake cha sherehe, kwa sababu hakutaka mtu yeyote wa mjini amuonee huruma. Jaji alimwonya kupitia kwa mkalimani kwamba halazimiki kujibu swali litakalomtia hatiani yeye mwenyewe. Yawa akauliza, "Amemaliza?" Mkalimani akasema amemaliza. "Basi tuanze na mbele ya boti."

Akafumba macho, akaingia ndani ya Mawu Li.

"Puani, amekaa Dotse mwenye kufua maji, na kopo lake. Nyuma yake, kulia, Sefakor wa Tapa, na beseni la nyanya. Kushoto, bwana harusi wa Sefakor, simjui jina la darasani, sisi tunamwita Kitambaa. Ubao wa pili: Mama Aseye, mguu wake mbovu nimeunyoosha juu ya gunia. Pembeni yake mbuzi watatu, kisha Kokui mwenye mbuzi, aliyekuwa ananiomba nisimkalishe na wanaume..."

Karani aliandika mpaka akabadilisha kalamu. Ubao kwa ubao, kulia na kushoto, hadi kwa wale kumi na wawili wa mazishi, ambao Yawa hakuwajua majina siku ile lakini baadaye alitembea hadi kijijini kwao kuyauliza, kisha hadi nyuma, kwa Kwami. Alipofumbua macho kitenge chake kilikuwa kimelowa jasho mgongoni. Karani akasema: themanini na wanne.

Wakili wa Agbenya akasimama. Alikuwa mtu mwembamba, sauti yake ya asali.

"Themanini na wanne, mama. Bila hata kipande cha karatasi."

"Karatasi ingelowa."

Watu wakacheka, jaji akagonga meza. Wakili naye akatabasamu, akangoja wanyamaze.

"Yule bibi wa benchi la nyuma ana mtoto. Mahakama imeshasikia kwamba mtoto huyo ndiye aliyekutwa na mshtakiwa juu ya mti. Hakuna anayebisha kwamba alikuwemo botini. Nimefuata majina yako yote kwa kidole. Mtoto huyo hukumtaja." Akamgeukia jaji. "Kama hakupanda Gbedekope, Mheshimiwa, basi alipanda njiani. Na kama mmoja alipanda njiani, na wengine pia walipanda njiani, kama mteja wangu alivyoeleza tangu mwanzo."

Yawa alihisi sakafu inazama. Alirudi mbio ndani ya boti, akapita ubao kwa ubao, na kweli, mtoto hakuwepo. Kila mtu alikaa alipomkalisha, na mtoto hakuwepo. Akamwona Agbenya anajiegemeza vizuri kwenye kiti. Akamwona Kwami ameinamisha kichwa.

Halafu akamtazama yule bibi. Alikuwa mama yake Abla Dogbe. Na Abla Dogbe alikuwa ubao wa tatu, kushoto, na kapu la vitunguu, na nguo imekazwa kifuani kwa mafundo mawili.

Fundo la pili la nini?

"Mheshimiwa," alisema Yawa, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko watu walivyoizoea. "Nimekosa. Si uongo, ni kosa. Mtoto wa mgongoni hakai. Anakaa mama yake. Sijawahi kumwonyesha mtoto wa mgongoni mahali pa kukaa, na diko zima halijawahi. Halipi nauli, hatajwi, tunamwona ni mwili wa mamaye. Naomba nirudi ndani ya boti niwateremshe."

Wakili akapinga. Jaji akamwambia wakili akae.

Yawa hakufumba macho safari hii. "Abla Dogbe, ubao wa tatu. Mgongoni, Kafui, miezi mitano. Huyo pale. Ubao wa tano, Esinam. Mgongoni, Yao, ameanza meno. Ubao wa sita, Dzigbodi..." Alipofika kwa wa tisa akasimama kidogo. "Ubao wa kumi na moja, Enyo. Alikuwa anapeleka mtoto kwa wazazi akapewe jina, siku nane zilikuwa hazijatimia. Lakini alizaliwa Jumatano, na kwetu msichana wa Jumatano ni Aku. Mwandike Aku."

Karani akaandika Aku. Themanini na wanne, na tisa. Wanawake wa benchi la nyuma walikuwa wamesimama wote bila kuambiwa.

Wakili wa Agbenya alikuwa na swali moja tu lililobaki, naye alilitupa kama mtu anayerusha jiwe akikimbia. "Na wewe, mama mwenye kumbukumbu, ulijua boti imezidiwa, ukawapakia?"

"Nilijua. Efo Agbenya aliniambia nikaushe kijiti, na Mungu ndiye kidole cha tano. Niliogopa kupoteza kazi. Kwami naye aliogopa. Yaandike yote matatu."

Watu saba wa baraza, waliowekwa kuamua kesi pamoja na jaji, walirudi na jibu kabla ya chakula cha mchana. Agbenya, miaka tisa. Kwami, miaka minne. Jaji akamtazama Yawa juu ya miwani yake. "Serikali haijakushtaki," alisema. "Usidhani ni kwa sababu hukuwa na sehemu."

"Sidhani," alijibu Yawa.

Kwami alipopitishwa mlangoni na pingu, alimshika dada yake bega kwa mikono yote miwili, kwa kuwa mmoja haukuweza kuja peke yake.

Miezi ile ya mwanzo ilikuwa michungu. Ukoo wa Agbenya haukununua samaki wake. Wenye boti hawakutaka kumwona. Yeye alikwenda dikoni hivyohivyo, kijiti mkono mmoja na daftari la shule mkono mwingine, akasimama majini.

"Ondoka hapo, mchawi wa kuhesabu watu," mwenye boti mmoja akamwambia.

"Sihesabu mtu. Naita jina. Kuita jina ni salamu tu. Au kwenu hamsalimiani?"

Wanawake wa sokoni ndio waliokata shauri. Walisema hawapandi boti isiyoitwa majina. Wakakaa juu ya mabeseni yao kutwa nzima, boti tatu tupu zikingoja, hadi wenye boti wakasalimu amri. Toka siku hiyo Yawa aliita, na aliyeitwa akajibu, "Nipo." Mama aliitikia mara mbili, kwa ajili yake na kwa ajili ya aliye mgongoni. Wengine walifanya mzaha: "Mimi nipo, na njaa yangu ipo, iandike." Aliwaandika, na njaa zao.

Kwami alirudi baada ya miaka mitatu, mmoja umesamehewa kwa mwenendo mzuri. Hakugusa injini tena maishani. Alinunua kopo la rangi nyeupe, akaomba kijiti, akachora mstari ubavuni mwa kila boti ya Gbedekope, shibiri moja toka ukingoni. Maji yakimeza mstari, Kwami alikaa puani, anasuka nyavu zake, na boti haikuondoka mpaka mtu ashuke. Yeye aliyekuwa anaogopa maneno makali. Walimtukana, akasuka.

Miaka ikapita. Mwaka mmoja wa tufani, boti nyingine iligonga kisiki mahali palepale. Ilikuwa na watu arobaini kasoro mmoja, mstari wake mweupe ukionekana, kwa hiyo haikuzama kwa pamoja. Ilijaza maji polepole, na mitumbwi ya wavuvi ikawahi. Walipofika ufukoni Yawa alifungua daftari, akaita. Nipo, nipo, nipo. Jina moja halikujibu: mzee Hotor, muuza mikeka.

"Davi, jua linakwenda," walisema wavuvi.

"Hotor hajajibu."

Wakarudi ziwani wakiliita jina lake, na kabla jua halijazama wakamkuta amekumbatia bunda la mikeka yake kati ya miti mikavu. "Nilikuwa nawasikia," alisema mzee Hotor akitetemeka. "Nikasema, huyu mwanamke akishamwandika mtu hamwachi. Nikaona nivumilie tu."

Siku hiyo hakufa mtu.

Sasa Yawa ana miaka sabini na minane. Macho yamefanya ukungu na magoti hayataki tena maji ya asubuhi. Mwezi uliopita alimwita dikoni Kafui Dogbe, muuza mihogo, mwanamke wa miaka thelathini mwenye sauti ya kufikia ng'ambo.

"Kuanzia leo wewe ndiye utakayeita," alimwambia.

"Mimi, Mama? Nasahau hata chumvi kwenye mboga. Kumbukumbu yako siipati hata nikizaliwa mara mbili."

"Umekwishazaliwa mara mbili. Muulize Kwami." Kwami, mvi kichwa kizima, alikuwa puani mwa boti na nyavu zake, akajifanya hasikii. "Na kumbukumbu usiisifu. Mimi nilitegemea kichwa, na kichwa kilimwacha mtu."

"Kilimwacha nani?"

"Wewe."

Yawa akamtia kijiti cha mvule mkononi, akayafumba vidole vyake juu yake. Boti ilikuwa imejaa nusu, wanawake wanapigania kivuli, mbuzi analia.

"Daftari liko kwenye beseni," alisema. "Wenye mbao usiwe na wasiwasi nao, wana midomo, watajitaja. Wewe anza na wa mgongoni."